Kinanda na Hukumu

Jaji Augustino Ramadhani alikuwa mpiga kinanda kanisani. Nalitaja hilo kabla ya vyeo vyake kwa sababu kazi ya jaji wa rufani ina mfanano na ya mpiga kinanda: noti zimeshaandikwa na mtu mwingine, na huruhusiwi kuongeza ya kwako.

Jaji wa rufani hamwoni shahidi akitokwa jasho kizimbani. Analetewa makaratasi tu: mwenendo wa kesi, hukumu ya mahakama ya chini, sababu za rufani. Shahidi aliyesitasita dakika nzima, kwenye karatasi anaonekana kajibu papo hapo. Ufundi ni kusoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka uone penye ufa, bila kuutoboa wewe mwenyewe.

Mzanzibari huyu, aliyezaliwa mwaka 1945, alitokea jeshini, alikofika cheo cha brigedia. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, akaingia Mahakama ya Rufani mwaka 1989, kisha akawa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010.

Mwaka huo wa mwisho ndio ninaourudia. Lilikuwa shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, aliyetaka mgombea binafsi, asiye na chama, aruhusiwe kugombea uchaguzi. Kwa kawaida hukaa majaji watatu; safari hii walikaa saba, Ramadhani akiwaongoza. Wakawaita na marafiki wa mahakama, yaani wataalamu wa kuishauri mahakama, wakiwamo Profesa Kabudi na Profesa Mwaikusa. Mwishowe wakasema jambo hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Mimi jibu hilo halinikai hata leo. Naona walikuwa na mlango na wakakataa kuupita. Lakini hukumu yenyewe naisoma kwa heshima. Hoja ya Mtikila imekaribishwa, ikapewa kiti, ikasikilizwa hadi mwisho, ndipo ikaambiwa hapana. Anayeshindwa namna hiyo anajua hasa ameshindwa wapi, na anajua pa kuanzia tena.

Mtikila akaanzia tena, katika Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha. Ramadhani naye alikuwa jaji huko. Kanuni haimruhusu jaji kusikiliza shauri linaloihusu nchi yake, kwa hiyo akakaa kando. Juni 2013 wenzake wakaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za Mtikila.

Mwaka uliofuata wakamchagua kuwa Rais wao.