Hakuna Aliyemuuliza Dada

Kuna hadithi fupi ya John Mbiti ambayo watu huitoa wakitaka kuwachapa wasomi wa dini. Mimi mwenyewe nimewachapa nayo miaka minne. Nilikutana nayo Upper Hill, kwenye maktaba ya taifa, ule mwaka nilioacha chuo na sikuwa nimeambia mtu yeyote nyumbani. Kila asubuhi nilitoka na begi mgongoni kama mwanafunzi, nikashuka Community, nikaketi nikisoma chochote kilichokuwa mbele yangu hadi saa kumi. Siku moja ikawa zamu ya kitabu cha insha za wanatheolojia. Nilicheka kwa sauti hadi mzee mmoja aliyekuwa na gazeti lake akakohoa kunionya.

Hadithi yenyewe iko ndani ya insha ya 1974, Theological Impotence and the Universality of the Church, na iko hivi. Kijana Mwafrika anaenda ng'ambo kusomea theolojia. Anajifunza Kijerumani, Kifaransa, Kigiriki, Kilatini na Kiebrania. Anasoma historia ya kanisa, ufafanuzi wa Biblia, na wale Wazungu wote wenye majina mazito. Baada ya miaka tisa na nusu anapata udaktari, anapanda ndege, analipia mzigo uliozidi kwa sababu ya vitabu. Kijijini wanamngoja wote: ndugu, majirani, wapiga ngoma, hadi mbwa na paka. Ndama wamechinjwa. Katikati ya sherehe, nduru. Dada yake mkubwa, mama wa watoto sita, ameanguka chini.

Msomi anasema apelekwe hospitali. Anaambiwa hospitali iko maili 50 kutoka hapo, na mabasi ni ya kubahatisha. Tena huyu ana pepo, hospitali itamfanyia nini? Chifu anamgeukia: umesoma mambo ya Mungu miaka kumi, sasa msaidie dada yako. Basi msomi anaenda polepole kwenye vitabu, anatoa Rudolf Bultmann, anatafuta kwenye faharasa, anasoma. Kisha anawatangazia watu kwamba hakuna pepo hapa, Bultmann alishalimaliza suala hilo. Watu wanapiga kelele, naye anawajibu kwa kelele, na dada bado yuko chini.

Ili kicheko kikolee, jua Bultmann alikuwa nani. Alikuwa Mjerumani, mwalimu wa Agano Jipya kule Marburg. Mwaka 1941 alitoa hoja ambayo bado inagombaniwa: mtu anayewasha umeme na kusikiliza redio hawezi kuamini ulimwengu wa pepo na miujiza kama walivyouamini watu wa zamani, kwa hivyo habari hizo zifasiriwe upya ili ujumbe wake umfikie mtu wa leo. Si hoja ya mjinga. Shida ni kwamba ilijibu swali la Marburg, na pale kijijini swali lilikuwa lingine.

Na Mbiti hakuwa anacheka jirani. Alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akasoma Makerere, akapata udaktari wake Cambridge mwaka 1963, akarudi kufundisha Makerere miaka kumi. Hadithi ilitoka mwaka uleule alipohamia Uswisi kuongoza taasisi ya kiekumene ya Bossey, na huko Uswisi ndiko alikofariki mwaka 2019. Uzito wa yale masanduku aliujua vizuri. Tena mwaka 1970 Okot p'Bitek alikuwa ameshamshambulia, yeye na wenzake, kwa kuivika miungu ya Afrika nguo za Kigiriki. Siwezi kuisoma hadithi hii bila kusikia jeraha hilo. Mwandishi anajicheka kabla hujamcheka.

Lakini enzi zile maktaba sikujali hayo. Nilichopata ni ruhusa. Kama miaka tisa na nusu ya vitabu inaishia kwa faharasa, basi ile digrii niliyoiacha nusu haikuwa hasara. Binamu yangu alipoingia seminari nikambandika jina: Bultmann. Kwenye simu yangu alikuwa amehifadhiwa hivyo. Akiniambia wana mtihani wa Kigiriki, ningemjibu, "Kaz, dada ameanguka huku."

Halafu mwaka jana Anti yetu akaanguka kweli. Akalazwa hospitali moja hapohapo mlimani.

Upper Hill ni mahali pa ajabu pa kuisomea hadithi hii. Hapa hospitali haziko maili 50. Kutoka Community unatembea tu, unapita makao makuu ya bima na minara ya vioo, unafika Hospitali Kuu ya Kenyatta, au Nairobi Hospital, au mojawapo ya zile ndogo zilizojazana katikati. Umbali wa siku hizi uko kwenye bili. Anti hakupewa kitanda hadi tulipotoa pesa za kuanzia, na pesa hizo zilitoka kwa kundi la WhatsApp la familia, mia tano hapa, elfu moja pale, hadi saa tano usiku.

Kesho yake binamu alikuja na wenzake wawili wa darasa. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa haujafika, tukakaa kwenye kibanda fulani tukala chapo madondo. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira, hasa kwa sababu kwenye lile kundi la WhatsApp yeye alikuwa ameandika "Mungu ana mpango" kabla hajatuma hata shilingi. Kwa hivyo nikatoa simu nikawasomea hadithi yote, pole pole, nikiwatazama usoni.

Hawakucheka. Mmoja, msichana aliyekuwa mhasibu kabla ya kuitwa, aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza miaka yote hiyo: "Neno la kwanza la huyu jamaa lilikuwa gani?"

Nikarudi juu kwenye simu. Hospitali.

"Sasa mbona mnamcheka yeye," akasema, "na si yule aliyesema hospitali haitasaidia?"

Ilibidi ninyamaze. Sisi sote tulikuwa tumeona picha za Shakahola. Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule wa Kilifi, watu walioambiwa wafunge hadi wakutane na Yesu. Walionusurika walisimulia kuwa shule na hospitali zilikuwa zimehesabiwa kuwa za shetani. Baadaye nchi nzima ikaanza kubishana kama mhubiri anafaa kuwa na cheti. Baada ya Shakahola, ule mstari wa hospitali haitamsaidia hausomeki tena kama sauti ya hekima ya kijiji. Na kicheko changu dhidi ya vitabu kilikuwa kicheko ambacho mhubiri yeyote asiyetaka kuulizwa maswali angekifurahia.

Kwa haki ya Mbiti, hakusema mahali popote kwamba vitabu vitupwe. Uzeeni alikaa na Agano Jipya la Kigiriki akalitafsiri kwa Kikamba, likachapishwa mwaka 2014. Mzigo uliozidi ulifika nyumbani hatimaye. Wanaosimulia hadithi yake, na mimi nikiwa mmoja wao, hukatiza pale panapochekesha.

Yule mwanafunzi wa pili alikuwa kimya hadi chai ilipokuja. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Alidhani wito ni sauti unayoisikia mara moja, halafu unaenda nayo seminari ikiwa kamili. Sasa yuko mwaka wa tatu, anaweza kukuchambulia kitenzi cha Kigiriki, lakini bado hajui kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa bila kutazama saa. "Naogopa," alisema, "kuwa nimekuja kujifunza majibu ili nisikae pale muda mrefu."

Hapo ndipo naona kasoro ya hadithi, na ni kasoro ambayo kichekesho kimeifunika miaka hamsini. Dada hana jina. Tunajua ana watoto sita. Hatujui alisema nini, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Chifu anaeleza ana pepo wa nani. Msomi anaeleza hana pepo. Mwanafunzi wa shule anaeleza habari za mabasi. Wote wanabishana juu yake, na Mbiti, kwa ufundi wake wote, anamwacha palepale chini ili hoja ikamilike. Anamtumia kama msomi anavyomtumia.

Si yeye peke yake. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi kule Katanga, aliingia utawani kwa Wabenedikto nchini Rwanda akiwa kijana, kisha akatoka. Riwaya yake Entre les eaux ya 1973 ni ya Padre Pierre Landu, msomi wa Roma anayeacha misheni kwenda kujiunga na waasi, na mwishowe anaishia ndani ya monasteri. Ni kitabu kikali kuliko hadithi ya Mbiti, na kina uchungu wa mtu aliyeishi jambo. Lakini Landu anajisikiliza mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Waasi aliowafuata na watu aliowaacha tunawaona kwa mbali, kama watu walio nje ya dirisha. Mbiti anacheka na Mudimbe analia, na wote wawili wanamtazama aliyeitwa.

Kiswahili chenyewe kingetusaidia. Wito unatoka kwa kuita. Ukisema una wito, umekiri kuna aliyeita. Mle kwenye hadithi aliyeita tunamjua: ni dada, na alichotumia kuita ni ile nduru. Msomi alisikia kelele tu, akakimbilia kitabu.

Saa ya kuona wagonjwa ilifika, tukapanda wodini. Nilitarajia binamu afungue Biblia. Alivuta kiti, akakaa, akamshika Anti mkono, akauliza, "Anti, ungetaka tukufanyie nini?"

Anti alifikiria. Akasema apigiwe simu yule kijana wa jirani awafungulie kuku, maana tangu juzi wamefungiwa. Mmoja wetu aende akamwombee radhi mweka hazina wa chama. "Halafu muombe," akasema, "lakini kifupi, huyu wa kitanda cha pili ndio amepata usingizi."

Binamu alitoka kwenye korido akapiga simu ya kuku kwanza. Aliporudi aliomba, haikufika dakika moja. Kisha akaketi tena, na hakutazama saa.

Kwenye ngazi nikatoa simu nikafuta lile jina, nikamwandika la kwake.