Wasomaji wa Mchanga wa Albert

Chini ya soko la Owino, chini ya marobota ya mitumba na tope la bonde la Nakivubo, hakuna mafuta. Mwanajiolojia atakwambia hivyo bila kuchimba hata futi moja. Vilima vya Kampala vimekaa juu ya miamba ya kale mno, mingine ina umri wa karibu miaka bilioni mbili, iliyokandamizwa na kuunguzwa na joto la ardhi hadi ikapoteza nafasi ambamo tone la mafuta lingejificha. Kujua pasipofaa kuchimbwa ni nusu ya ufundi wake, na ndiyo nusu isiyopigiwa makofi.

Nusu nyingine ni ngumu zaidi. Mchuuzi wa Owino akinunua robota lililofungwa hulipima uzito, huangalia limetoka nchi gani, humsikiliza anayeliuza, kisha hutoa pesa. Akishakata kamba, limekuwa lake. Mtathmini wa miamba naye huamua kabla ya kukata. Ila kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na anachokitafuta kimelala kilomita moja, mbili au tatu chini ya miguu yake.

Magharibi mwa Uganda, kwenye ufa wa Albert, ardhi ilipasuka na katikati yake ikazama. Kwa mamilioni ya miaka mito na maziwa vilimimina humo mchanga na matope, hadi penye kina kikubwa tabaka hizo zikapita kilomita tano. Tope lenye mabaki ya mwani likifukiwa vya kutosha hupata joto na kutoa mafuta. Mafuta hupanda. Yakikuta mchanga wenye nafasi kati ya chembe zake hukaa humo, alimradi juu pana udongo mzito wa kuyazuia na pembeni pana mkunjo au mpasuko wa kuyakusanya. Na mtego huo lazima uwe umekwisha kujengeka kabla mafuta hayajapita. Ukichelewa, utabaki na mchanga mzuri uliojaa maji.

Dalili zilikuwepo zamani. Kibiro, kijiji ambacho wanawake wake wamepika chumvi kwa vizazi vingi, kina mahali ambapo mafuta huvuja ardhini yenyewe; Paraa na Kibuku pia. E. J. Wayland, mkuu wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Entebbe, aliyaandikia kitabu mwaka 1925. Lakini mvujo husema mambo mawili yanayopingana: kwamba mafuta yamepikwa, na kwamba yanatoroka. Mwaka 1938 kisima cha Waki kilichimbwa karibu na Butiaba, kikapita mita 1,200, na hakikuleta mafuta ya kuuzika. Vita vikaja, na kwa miongo mingi bonde likakaa kimya.

Ninaowastahi hasa ni waliolirudia miaka ya 1980. Ndege ilirushwa juu ya bonde ikipima usumaku, kwa sababu miamba ya kale ya chini ina madini yenye sumaku kuliko mchanga ulioifunika; usumaku ukififia, huenda mwamba huo umezama mbali. Kisha kikundi kidogo cha wanajiolojia wa Uganda, akiwemo Reuben Kashambuzi aliyekuja kuiongoza idara ya utafutaji mafuta, kikaanza kulisoma bonde hilo kwa miguu. Walibeba nyundo, dira na vipimo vya mvutano wa ardhi, wakipima kituo baada ya kituo. Kazi hiyo haina siku ya shangwe. Ni miaka ya kujaza ramani.

Kampuni zilipokuja kuchimba, visima vya Turaco kule Semliki vilikuta gesi iliyojaa hewa ya ukaa mno, haikufaa. Jibu hilo nalo lilisomwa. Januari 2006 likatangazwa jibu jingine, la kisima cha Mputa katika eneo la Kaiso-Tonya: mafuta ya kuuzika.

Kazi ninayoiona nzuri kuliko zote hufanyika pale kisimani, mezani pa anayesoma vipande vya mwamba. Kekee inasaga, na tope la kuchimbia linapandisha vipande juu. Safari hiyo huchukua muda, kwa hiyo msomaji lazima apige hesabu kipande hiki kiling'olewa kina gani. Vingine vimebomoka njiani kutoka kuta za juu, na itabidi avitambue. Huviosha taratibu, maana mchanga wa bonde changa haujashikana sawasawa: akiharakisha, ushahidi unakwenda na maji. Chini ya hadubini hutazama umbo la chembe. Zenye kona kali hazikusafiri mbali. Huenda zilianguka kutoka ukingo wa ufa pamoja na udongo unaoziba nafasi. Za mviringo na za ukubwa mmoja zimesuguliwa na mto mrefu au mawimbi, na kati yake mafuta hupita kwa urahisi. Kisha huziweka chini ya mwanga wa urujuanimno, na mafuta hung'aa. Lakini hata grisi ya mabomba hung'aa, na madini fulani pia, ndiyo maana hudondosha kiyeyushi na kungoja aone kama rangi itatiririka.

Vyombo vinavyoteremshwa kisimani navyo vina hila zake. Kimoja hupima mnururisho, ambao kwa kawaida hutofautisha udongo na mchanga. Ila mchanga uliozaliwa na graniti hubeba potasi nao ukajifanya udongo. Kingine hupitisha umeme: maji ya chumvi huupitisha, mafuta huukataa. Katika bonde lililojazwa na maziwa, maji yenye chumvi kidogo nayo huukataa. Mtathmini mzuri hakubali shahidi mmoja.

Kwa miaka mingi ilikadiriwa kwamba bonde lina mapipa bilioni 6.5 ya mafuta, na yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4. Pengo kati ya tarakimu hizo limetokana na macho ya wasomaji haohao, yaliyokataa kuhesabu tone ambalo mchanga hautaliachia. Mafuta yenyewe yana nta nyingi, huganda yakipoa. Ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, limeundwa la kupashwa moto.

Na kule Karamoja, katika bonde la Moroto-Kadam, wanajiolojia wa serikali wameanza tena mwanzo kabisa: sampuli za udongo, vipimo vya mvutano, ramani. Huenda wakasema hapana, na hapana hiyo itatokana na uangalifu uleule uliotoa ndiyo ya Mputa.