Tazama Mkato Kabla ya Mizani

Mnunuzi mwangalifu wa pete ya dhahabu yenye nakshi za majira ya Kijapani hugeuza kwanza upande wa ndani kutafuta chapa ya K18 au 750, yaani sehemu 750 za dhahabu safi katika kila 1,000, kisha huuliza gramu. Afanye hivyo, ila ajue kwamba amepima madini tu. Mkono wa fundi hupimwa kwenye mkato wa tindo, kwa sababu huko ndiko ufundi huu ulikotoka. Kabla ya zama za Meiji pete haikuwa pambo la kawaida Japani. Nakshi bora za metali zilikuwa kwenye panga. Serikali ilipokataza watu kutembea na panga mwaka 1876, wachongaji wengi walikosa soko, na ujuzi wao ukahamia kwenye vyombo na mapambo. Mtindo wao mmoja, katakiri-bori, bado ndio mtihani mzuri kuliko yote. Fundi huinamisha tindo ili ukuta mmoja wa mfereji usimame na mwingine ulale, akiigiza mpigo wa brashi ya wino. Chukua lenzi, uizungushe pete polepole chini ya taa. Mstari uliochongwa hivyo huanza mwembamba, hunenepa, kisha hupotea. Ukuta uliolala humeta wakati ule uliosimama uko gizani. Nakshi iliyotoka kwenye kalibu bila kuguswa tena huwa na kingo butu, na mara nyingine vitundu vidogo. Ya mashine mara nyingi huwa na mistari yenye upana uleule mwanzo hadi mwisho.

Baada ya mkato, tazama ua lenyewe. Petali ya mcheri ina pengo dogo kwenye ncha, na maua yake huning'inia kwa vikonyo, mengi pamoja. Petali ya mplamu ni ya mviringo, na ua lake hukaa karibu kabisa na tawi. Mplamu huchanua baridi ikingalipo, mcheri huja baadaye. Fundi aliyeupa mplamu petali yenye pengo amevuruga majira mawili, na pete ya majira haiwezi kusamehewa kosa hilo. Kweli, zipo nakshi za kale zinazoweka mcheri wa machipuko pamoja na majani mekundu ya vuli ya mti wa maple, lakini hizo huchanganya kwa makusudi, na kila mmea hubaki na umbo lake.

Wapo watakaosema kusubu si udanganyifu, na wana haki. Pete inaweza kusubiwa kisha ikamaliziwa kwa tindo, ikawa nzuri sana. Kinachohukumiwa ni kilichofanyika baada ya kalibu. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba mkato hulika. Hulika kweli, hata kwenye K18 ambayo shaba na fedha huikaza. Ndiyo maana fundi mwenye busara huchimba kwa kina upande wa juu, na upande wa kiganja huuacha mtupu au huuwekea mistari michache, kwa kuwa huko ndiko pete husuguana na kila kinachoshikwa. Ukiipeleka kusafishwa, mwombe sonara asiitie kwenye gurudumu la kung'arishia: dakika chache tu hapo hulainisha kingo ambazo tindo ilizikata kwa siku kadhaa, na hakuna njia ya kuzirudisha ila kuchonga upya.