Mshale wa Gizani: Namna ya Kuutambua Ulio Bora

Upinde wa Kihadzabe hauna kifaa cha kulengea. Jicho humtazama mnyama, mkono huvuta. Mchana hilo halina taabu. Lakini kiangazi kinapokolea na maji kubaki madimbwi machache bonde la Ziwa Eyasi, wawindaji hujificha wawili wawili kando ya maji usiku, wakimvizia swala. Gizani huwezi kuuona mshale ukienda upande, ukajirekebisha kwa unaofuata. Kwa hiyo ukifika Munguli, wilayani Mkalama, ukitaka kupima silaha za mwindaji, usianze na upinde. Anza na mshale.

Ulete usawa wa jicho, ufumbe jicho la pili, kisha uuzungushe polepole kwa vidole. Kigumba kikitulia mahali pamoja, mti umenyooka. Kikichora duara, hata dogo, uweke chini. Mti hunyooshwa kwa moto na meno, tena na tena, na hapa ndipo fundi mvivu hukwepa kazi. Alama za meno ukiziona, usizihesabu dosari; mimi huzifurahia.

Pitisha kidole kwenye manyoya ya kanga au tumbusi. Yawe na kimo kimoja, na kano iliyoyafunga ilale bapa bila vifundo. Kigumba, ambacho mara nyingi ni msumari uliofuliwa, kikae katikati kabisa ya mti.

Mshale wa sumu ya panjube au shanjo usiuguse mbele. Tazama tu kama umeviringishwa ukanda wa ngozi: ukanda huo huikinga sumu isikauke na humkinga mwenyewe asijikwaruze. Mshale wa sumu ulio wazi una mwenye uzembe, na sitaununua kwa bei yoyote.

Halafu chukua miwili kutoka fungu moja, mmoja kila mkono. Uzito na urefu vilingane. Kwa mwindaji wa usiku naona hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, maana mkono wake umezoea mshale mmoja tu.

Upinde sasa. Ugwe wa kano usokotwe sawasawa, usiwe na nyuzi zilizochomoza. Unyevu huulegeza, basi uujaribu pia asubuhi yenye umande. Upinde wa kazi huvutwa kwa nguvu ya kilo 30 na zaidi. Ukiweza kuuvuta hadi sikioni bila mkono kutetemeka, nawe hujawahi kuwinda, huenda umetengenezewa wageni.