Mota Haisifiwi kwa Rangi

Nane Nane iliyopita, kwenye viwanja vya Themi, Njiro, nilikuta watu wameizunguka mashine ya kukatia majani ya ng'ombe kama wanaomsubiri bibi harusi ashuke garini. Mota nyekundu inang'aa, ubavuni stika kubwa: HP 3. Kijana akaingiza konzi ya mabingobingo, yakatoka vipande vipande, makofi yakalia. Mama mmoja akawa anarekodi kwa simu. Mimi nikainama kutafuta kibati cha namba za mota. Kilikuwapo, ila kimepakwa rangi ileile nyekundu. Nilipoanza kukikwangua kwa ukucha, mwenye mashine akaniambia, "Mzee, mashine inaangaliwa ikikata, haisomwi."

Ndiyo sababu ya maneno haya.

Tuyamalize madogo kwanza. Mashine ya majani inataka poli nne. Anayeifungia mota ya mizunguko 2,800 anatafuta kelele, hatafuti majani. Kwa poli nne, puli ya inchi 3 ikivuta ya inchi 9, kisu kitapata mizunguko kama 470, na hiyo inatosha. Kwenye kibati tafuta S1, maana S2 ni mota ya kufanya kazi kidogo na kupumzika. Nusa boksi la nyaya: vanishi ikishaungua, harufu yake haisahauliki. Mwili uwe wa chuma cha kumimina. Alumini tuwaachie wenye feni. Rangi iwe ya kijivu au ya kijani. Sijawahi kukutana na mota nyekundu yenye adabu, na sitaki kubishana juu ya hilo.

Sasa tuje kwenye kibati, ambacho mgeni wa kazi hii hukiruka kila mara.

Asiyejua husoma HP, na HP ni neno la muuzaji. Anayejua husoma ampea na mizunguko, akizihoji kama mashahidi wawili, kila mmoja chumba chake. Chukua hiyo HP 3 yetu. HP moja ni wati 746, kwa hiyo shafti inadai kutoa wati 2,238. Kibati nilichokikwangua kilisema volti 230, ampea 7. Zidisha: wati 1,610. Yaani inakula 1,610 na kutoa 2,238! Ng'ombe wa namna hiyo ningemlaza kitandani, mimi nikalala zizini. HP 3 ya singo fezi iliyo ya kweli inakula ampea 14 hivi, mara nyingine zaidi, kwa sababu sehemu ya umeme lazima iishie kwenye joto.

Shahidi wa pili ni mizunguko. Kwa umeme wetu wa hezi 50, sumaku ya poli nne inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Rota inaifukuza na haiifikii kamwe, kwa kuwa siku ikiifikia, umeme ndani ya rota unakoma na nguvu inakoma nao. Huko kuachwa nyuma ndiko kunakoizungusha shafti. Kwa hiyo mota ya kweli inakiri kwamba imeachwa: 1,420, 1,430, 1,440. Kibati kinachosema 1,500 kamili kimeandikwa na mtu wa stika, aliyeona namba isiyo kamili ni aibu. Kile cha Njiro kilisema 1,500.

Mwalimu wangu, marehemu sasa, alikuwa akisuka mota kwenye kibanda cha mabati Unga Limited. Hakuuliza bei kabla ya kusoma. Akishasoma, aliiwasha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, akafumba macho. Halafu aliizima akasubiri mwendo ushuke, hadi swichi ya ndani irudi mahali pake: tak. Isipolia, alitikisa kichwa. Siku moja mteja alileta mota iliyobanduliwa kibati, akiapa ni HP 3. Mwalimu hakubishana. Alichukua kalipa, akapima shafti: milimita 19. "Hii ni HP moja," akasema, "hata ukiibandikia kibati cha treni." HP 3 ya poli nne huja na shafti ya 24 au 28, na hiyo haibandikwi kwa gundi.

Mimi mwenyewe nimelizwa. Niliwahi kuuziwa mota "ya shaba tupu". Nikaifungua palepale, nikaona koili zina rangi ya shaba, nikalipa. Mwezi wa pili ikatoa moshi. Mwalimu akakwangua waya kwa ncha ya kisu, na chini ya rangi pakatokea weupe. Alumini. "Uliangalia," alisema, "hukukwangua."

Zamani hatukuhitaji ukucha. Kulikuwa na zile Brook za Huddersfield zilizotolewa kwenye viwanda vya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, vibati vyake vimegongewa namba kwa chuma na kufungwa kwa ribiti. Umeme ukikatika ungezisoma kwa kidole gizani. Aliyezigonga namba zile alijua kwamba atakayeisuka mota ile miaka thelathini baadaye atazihitaji. Siku hizi kibati kinaandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa leo, na leo yenyewe inaisha saa kumi na mbili jioni, maonyesho yakifungwa.

Yule mama alinikuta getini. "Baba, wewe ulikuwa unatafuta nini pale chini?" Akanionyesha video yake. Mashine inakata vizuri kweli, dakika moja na nusu, mabingobingo mabichi. "Mabua makavu je?" nikamuuliza. "Na kwa saa nzima?" Kisha nikamwandikia namba tatu nyuma ya tiketi yake: 746, 230, 1,500.

Akarudi ndani. Walichojibizana sikukisikia. Alitoka mikono mitupu, akanipita akitabasamu, na chini ya ukucha wa kidole chake gumba palikuwa na rangi nyekundu.