Kiangazi cha Nani? Juu ya Tafsiri ya Tangazo la Utafiti wa Fizikia

Mwalimu mmoja wa fizikia aliyeko Kiloleli, mkoani Simiyu, ametuletea tangazo lililofasiriwa kutoka Kiingereza, akitaka maoni yetu. Kichwa chake chasema: "Fursa za Utafiti wa Fizikia Majira ya Joto kwa Wanafunzi Wasiohitimu". Aliyelifasiri hatumjui, wala si nia yetu kumtafuta. Twataka kuyapima maneno yake tu, maana tangazo la namna hii husomwa na kijana, kisha na mzazi wake, kisha na ofisa anayeombwa barua ya utambulisho. Na kila mmoja wao huamua jambo kwa kadiri alivyoelewa.

Tuanze na lililo baya zaidi. Kuhitimu ni kumaliza masomo na kufaulu. Asiyehitimu, katika masikio ya msemaji yeyote wa Kiswahili, ni yule aliyeshindwa au aliyeachia njiani. Kumbe wanaoitwa hapa ni vijana walio chuoni, tena aghalabu walio mbele ya wenzao! Mfasiri amelivunja neno la Kiingereza vipande viwili, akakifasiri kila kipande peke yake. Vyuo vyetu vimekwisha kuzoea kusema "mwanafunzi wa shahada ya kwanza". Ni refu, lakini urefu haujapata kumtukana mtu.

"Majira ya joto" ni shauri jingine, na hapa ndipo penye hasara ya kweli. Tangazo lataja CERN, kituo cha utafiti kilichoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ambacho hupokea wanafunzi hata kutoka nchi zisizo wanachama. Lataja pia mpango wa Shirika la Taifa la Sayansi la Marekani. Shughuli zote mbili hufanyika hasa kati ya Juni na Agosti, wakati huko ni joto. Kwetu Juni na Julai ni miezi ya baridi. Watu wa pwani huiita kipupwe, na joto lao hulihesabu tangu Desemba hadi Machi. Basi msomaji wa Tanga au Unguja akiambiwa majira ya joto atafikiri juu ya Januari. Nayo Januari, kwa upande wa CERN, ndiyo kwa kawaida mwezi wa kufunga maombi, si wa kufunga safari.

Yamkini mtu atasema: basi tuandike "kiangazi". Huko Kiloleli neno hilo litasadifu, kwa kuwa kiangazi cha Usukumani ni ule ukavu unaoanza mvua zikiisha mwezi Mei. Lakini kiangazi cha pwani ni kile kile cha Desemba hadi Machi. Neno moja, nchi moja, miezi mbalimbali. Istilahi inayomfaa msomaji wa Bariadi na kumpoteza wa Bagamoyo haifai kuitwa sanifu. Hata "likizo ndefu", ambayo sisi wenyewe twaipenda kwa sauti yake, yaweza kudanganya, kwani kalenda za vyuo vyetu hazilingani na za huko, na Julai yaweza kumkuta mwanafunzi katika chumba cha mtihani. Twashauri majina ya majira yaachwe kabisa, iandikwe miezi: Juni hadi Agosti. Mzazi mwenye shamba la pamba ataelewa mara moja ni mikono ya nani itakayopungua wakati wa mavuno na mauzo, naye ana haki ya kulijua hilo mapema.

Ndani ya tangazo imeandikwa kwamba wanafunzi watakuwa "watarajali". Serikalini neno hili limeshika maana yake: daktari tarajali, kwa mfano, amekwisha kumaliza masomo ya darasani. Tena fedha wanazopewa zimeitwa "mshahara mdogo". Mshahara ni wa mwajiriwa. Neno ni posho.

Kubwa kuliko haya ni aya ya Marekani, isemayo kwamba "wakazi watapewa kipaumbele". Nafasi zinazolipiwa na mpango ule, kwa kawaida wa wiki 10, ni za raia wa Marekani na wakazi wa kudumu tu. Kipaumbele humwachia mwingine tumaini, sharti halimwachii. Na "mkazi" bila "wa kudumu" kwetu ni mtu yeyote anayeishi mahali. Kijana wa Kiloleli atakayetoa nauli na gharama za kutuma vyeti kwa ajili ya aya hii atakuwa ameponzwa na maneno mawili yaliyopotea.

Mwalimu wetu auliza pia kama tuseme "utafiti" au "mafunzo". Wako wanaoona kwamba neno utafiti ni zito mno kwa kijana asiye na shahada. Hatukubaliani nao. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Alichekwa, akazidi kuuliza, hata akamfikia Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam. Na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wataalamu wangali wakibishana juu ya jambo lile, na huliita kwa jina la Mpemba. Hayo hatuwezi kuyaita mafunzo.

Basi kichwa kingesomeka hivi: "Nafasi za Utafiti wa Fizikia kwa Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza, Juni hadi Agosti". Tumeweka "nafasi" kwa sababu huhesabiwa na kushindaniwa. Limesalia jina la mwanasayansi anayemwongoza kijana huyo: wengine husema msimamizi, wengine mlezi. Sisi twaelekea kwenye msimamizi, kwa kuwa mlezi ana kazi nyingine shuleni; walimu wenye hoja tofauti watuandikie.