Mkia wa Barua

Msomaji, ikiwa umepata kupokea barua pepe kutoka ofisini, bila shaka umeuona mkia wake: mistari ile ya chini ambayo mashine huibandika kila mara bila kumwuliza mwenyewe. Humo mna jina, cheo, nambari za simu, nembo, na aghalabu msemo wa hekima ambao mwandishi aliupenda siku moja akausahau hapo. Mkia huo huitwa sahihi, ingawa hakuna mkono ulioutia.

Mnamo Oktoba 1995 ilitolewa hati ya mwongozo wa adabu za intaneti, ijulikanayo kama RFC 1855. Mwandishi wake, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, alishauri kwamba sahihi isizidi mistari minne. Hoja yake haikuwa ya urembo. Watu wengi zama zile walilipia mawasiliano kwa dakika, na kila mstari wa ziada ulikuwa gharama juu ya mpokeaji. Wako wasemao kwamba hoja hiyo imekwisha kufa. Mimi siafiki. Mwanafunzi anunuaye kifurushi cha intaneti kwa shilingi chache, akafungua barua ya mistari miwili yenye picha tatu za rangi chini yake, amelipia picha kuliko maneno.

Hata hivyo hati hiyo ina upungufu. Ilitaja ndani ya mabano tu kwamba mtu aweza kuwa na sahihi zaidi ya moja, kwa nyakati mbalimbali. Laiti neno hilo lingetolewa mabanoni likapewa ukurasa wake! Kwani urefu wa mkia ni kero ndogo; kutofaa kwake ndiko kuumizako.

Nilipofiwa na mama yangu, mtu mmoja ninayemheshimu aliniandikia rambirambi. Maneno yake yalikuwa machache, yenye huruma ya kweli, nami niliyasoma polepole. Chini yake, kwa herufi nyekundu, nikakuta tangazo la bidhaa zilizopunguzwa bei, na himizo la kuwahi kabla ya mwisho wa mwezi. Simshutumu kwa ubaya wa moyo, maana hakuuona mkia huo alipokuwa akiandika. Lakini hilo hasa ndilo kosa: aliweka jina lake juu ya maneno asiyoyasoma.

Wewe hufundishwa darasani kuimaliza barua rasmi kwa “Wako mwaminifu”, kisha ukatia sahihi kwa kalamu. Kalamu hukulazimisha kufika chini ya ukurasa mwenyewe. Utakapoomba kazi kwa barua pepe, jina lako na nambari ya simu vyatosha. Msemo wa hekima mwajiri hakuuomba.

Nilipoketi kumjibu yule bwana, niliutazama mkia wangu kwanza. Ulikuwa na mistari saba.